Traifo ya Keki ya Bia Nyeusi, Embe na Kastadi ya Wiski: Mwongozo Kamili kwa Wapishi wa Mtwara na Lindi

Malalamiko kuhusu traifo hii ni yale yale matatu, na mara nyingi yanakuja asubuhi ya siku yenyewe ya shughuli. Kastadi iliyolala nzito imeamka majimaji. Keki ya chini imekuwa tope, tena chungu. Krimu ya juu imeteremka kabla wageni hawajakaa.

Chanzo karibu chote ni joto. Kastadi inaepuliwa mapema kabla moto haujafanya kazi yake, kisha tabaka zinapangwa zikiwa bado za uvuguvugu, katika mji ambao hata maji ya bomba hayana ubaridi. Ukisimamia mambo hayo mawili, mengine ni usafi na subira.

Traifo ni kitamu cha Waingereza kinachopangwa kwa tabaka kwenye bakuli la kioo: keki iliyoloweshwa, matunda, kastadi, na krimu juu. Hapa keki ni ya kakao na stauti, yaani bia nyeusi kama Guinness, na kastadi inatiwa wiski. Vipimo vilivyopo vinajaza bakuli la lita 4 na kutosha watu 14 hadi 16.

Panga muda kwanza

Kazi hii ni ya siku mbili. Jioni ya kwanza oka keki, pika kastadi, pika rojo la matunda. Siku ya pili panga tabaka asubuhi, kama saa tatu au saa nne, kwa ajili ya chakula cha usiku. Traifo inahitaji angalau saa 6 ndani ya friji baada ya kupangwa ili keki inywe shira na tabaka zishikane.

Anayetaka kumaliza yote mchana mmoja aandae traifo ndogo kwenye bilauri. Bakuli kubwa halipoi kwa haraka hiyo.

Vifaa

- Bakuli la kioo la lita 4, lenye kuta zilizosimama wima ili tabaka zionekane
- Mizani ya jikoni. Kwenye keki hii kukisia kwa macho hakufai
- Jagi lenye alama za mililita
- Trei ya kuokea ya sentimita 20 kwa 30, na karatasi ya kuokea
- Sufuria yenye kitako kizito kwa kastadi
- Kipigio cha waya na mwiko bapa
- Chujio la waya
- Beseni na barafu, kilo 2 hivi
- Nailoni ya kufunikia chakula
- Mashine ya kupigia krimu. Ya mkono inatosha

Vijiko vyote vinasawazishwa kwa kisu. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni mililita 5.

Mahitaji

Keki:

- Bia nyeusi, ml 180
- Siagi, gramu 150
- Kakao isiyo na sukari, gramu 50
- Sukari, gramu 220
- Mtindi mzito, gramu 100
- Mayai 2
- Unga wa ngano, gramu 200
- Bekingi soda, kijiko cha chai 1 na robo
- Chumvi, nusu kijiko cha chai

Shira ya kuloweshea:

- Bia nyeusi, ml 120
- Sukari, gramu 70
- Wiski, vijiko vya chakula 2

Kastadi:

- Maziwa yenye mafuta yote, ml 750
- Viini vya mayai 6
- Sukari, gramu 110
- Wanga wa mahindi, gramu 55 (vijiko vya chakula 7)
- Siagi, gramu 40
- Wiski, ml 60
- Vanila, kijiko cha chai 1
- Chumvi, ya kubana kwa vidole viwili

Matunda:

- Embe 4 kubwa, zilizoiva lakini bado ngumu kidogo
- Pasheni 5
- Sukari, vijiko vya chakula 3
- Wanga wa mahindi, kijiko cha chai 2
- Maji ya ndimu 1

Juu:

- Krimu ya kupiga, ml 400, yenye mafuta asilimia 35
- Sukari ya unga, gramu 30
- Korosho, gramu 80
- Chokoleti nyeusi ya kukwangua, kidogo

Maneno machache kuhusu manunuzi

Kakao iwe kakao tupu. Unga wa kinywaji cha chokoleti umejaa sukari na maziwa. Keki itatoka ya kahawia hafifu, tamu kupita kiasi, na bia haitasikika kabisa.

Wanga wa mahindi ni ule mweupe laini unaolialia ukiufinya kwenye pakiti, madukani wanauita konflawa. Unga wa sembe ni kitu kingine. Ukiukosa, kastadi ya unga ya kopo inafaa kwa kiasi kile kile, kwa sababu nayo ni wanga huo huo uliotiwa rangi na vanila. Ukiitumia, punguza vanila yako.

Bekingi soda inunuliwe ya kuokea. Magadi ya kulainishia maharage yana chumvichumvi nyingine ndani yake na nguvu yake haipimiki.

Wiski iwe laini, ya Ireland au ya Uskochi isiyo na harufu ya moshi. Si lazima iwe ghali, chupa ndogo inatosha. Konyagi haichukui nafasi yake: ladha inayotafutwa hapa ni ya pipa la mbao, ile inayofanana na vanila na sukari iliyoungua, na Konyagi haina hiyo. Na nipa, gongo ya mabibo, isikaribie bakuli. Nguvu yake hubadilika kila ikitoneshwa, na hakuna ajuaye kilichomo.

Mayai ya kienyeji yana kiini kidogo zaidi. Tumia 7 badala ya 6. Ute usiutupe, utatengenezea mkate wa sinia.

1. Keki ya bia nyeusi

Mimina bia kwenye jagi nusu saa kabla ya kuanza, kisha subiri povu lishuke ndipo upime. Wengi hupima povu, wakaishia na nusu ya bia inayotakiwa na keki ngumu.

Washa oveni nyuzi 175. Tandika karatasi kwenye trei.

Weka siagi na bia kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka siagi iyeyuke. Isichemke. Epua, tia kakao na sukari, piga kwa kipigio mpaka mabonge yaishe. Kakao inafunguka vizuri ndani ya mafuta ya moto. Ukiitia kavu pamoja na unga, ladha hubaki imelala.

Acha ipoe mpaka uweze kuzamisha kidole bila kushtuka. Hapo ndipo tia mtindi na mayai uliyoyapiga pamoja. Ukiwahi, mayai yanaiva kwa nyuzi nyeupe na hakuna chujio litakaloiokoa keki.

Chekecha unga, soda na chumvi juu yake. Koroga mpaka unga usionekane, kisha acha. Kukoroga zaidi kunaamsha gluteni, protini ya unga inayovutika, na keki inakuwa ya kutafuna.

Mchanganyiko utakuwa mwembamba kama uji wa mgonjwa. Ndivyo ulivyo. Usiongeze unga.

Peleka motoni ndani ya dakika 10. Soda huanza kutoa gesi mara tu inapokutana na tindikali ya mtindi na bia, haisubiri oveni. Oka dakika 30 hadi 35.

Kwa wanaotumia mkaa: sufuria kubwa yenye kifuniko bapa, mchanga mkavu wa sentimita 3 chini, moto wa kuipasha dakika 15 kabla. Trei isipoingia, gawa mchanganyiko kwenye vyombo viwili vya duara. Weka theluthi mbili ya makaa juu ya kifuniko na theluthi moja chini. Moto mwingi chini unaunguza kitako kabla katikati hapajaiva, na keki ya kakao iliyoungua huwezi kuijua kwa rangi. Utaijua kwa uchungu. Usifunue kabla ya dakika 25.

*Imefaulu ikiwa:* kijiti kinatoka na vijipunje vichache vyenye unyevu, pembe zimeachana na trei, na ukibonyeza katikati panarudi juu. Ufa hauna neno, hauonekani ndani ya bakuli.

Ipoe kabisa, funika kwa kitambaa, ilale. Keki ya jana inakunywa shira bila kuvunjika. Ya leo inayeyuka.

2. Shira

Chemsha bia na sukari kwa moto mdogo, dakika 3 tu tangu ianze kutokota. Epua, ipoe, tia wiski.

Uchungu wa keki unaolalamikiwa unazaliwa hapa. Watu wanaichemsha mpaka iwe nzito kama shira ya kaimati. Maji ya bia yanaondoka, uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia ukali wake) hauondoki, basi unabaki umejikusanya kwenye vijiko vichache. Shira hii inatakiwa iwe nyepesi. Ikishakuzidi, usiongeze sukari. Ongeza maji ya moto vijiko 3 au 4 ili kuipunguza makali.

3. Kastadi ya wiski

Hapa usiwe na haraka, na simu iwekwe chumbani.

Andaa vitu vyote kabla ya kuwasha moto: beseni la barafu na maji, chujio juu ya bakuli safi, siagi imekatwa vipande, wiski imepimwa. Kastadi ikishaanza kushika haikupi nafasi ya kutafuta kitu kabatini.

Piga viini na sukari dakika moja. Tia wanga na chumvi, piga mpaka pasiwe na bonge.

Pasha maziwa mpaka yatoe mvuke na mapovu madogo yaonekane pembeni. Kama ni maziwa mabichi ya mfugaji, yachemshe kikamilifu kwanza, kisha yapime upya kwa sababu yanapungua. Sehemu ya maziwa inaweza kuwa tui zito, mpaka nusu kwa nusu. Linakubaliana sana na wiski, ingawa kastadi itakuwa nyeupe zaidi na nzito kidogo mdomoni.

Mimina maziwa ya moto kwenye viini kidogo kidogo, mkono mmoja unamimina, mwingine unapiga bila kusimama. Ukimwaga yote kwa mkupuo, viini vya juu vinaiva papo hapo. Vikishachanganyika, rudisha yote kwenye sufuria.

Sasa moto wa wastani. Koroga ukipitisha mwiko kwenye kitako chote na kwenye kona, maana wanga unazama na kushika huko. Baada ya dakika 4 hadi 6 itaanza kuwa nzito ghafla, kwanza kwa mabonge. Usiogope. Badili mwiko ushike kipigio, piga kwa nguvu, italainika.

Kisha ichemke.

Wengi wanaepua hapa. Wameambiwa kastadi ikichemka inakatika, na ni kweli kwa kastadi ya mayai matupu, ambayo hukatika ikipita nyuzi 80 na kitu. Hii ina wanga, na wanga unayalinda mayai. Tena ina sababu ya kuchemshwa: viini vya mayai vina kimeng'enya kiitwacho amilesi, kazi yake kuukata wanga. Usipokiua kwa moto, kitaendelea na kazi hiyo usiku kucha ndani ya friji. Ndiyo maana kastadi inalala nzito na kuamka majimaji, na mpishi analaumu friji au maziwa.

Subiri uone mapovu mazito yakipasuka polepole katikati ya sufuria, si pembeni tu. Kuanzia hapo hesabu dakika 2 kamili huku ukikoroga. Moto ushushwe kidogo isirukie mkono, inaunguza vibaya.

Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue chini. Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine umalizie huko.

Epua, sogea mbali na jiko. Subiri dakika 2, tia siagi na vanila, koroga, kisha wiski kwa mikupuo mitatu. Kusogea mbali si kwa mapambo: mvuke wa wiski unashika moto wa gesi.

Wiski inatiwa kastadi ikiwa ya moto na laini. Wanga ukishapoa unajenga utando wake ndani. Ukiukoroga wakati huo ili kuingiza wiski unauvunja, na haujirudishi. Ml 60 zinatosha. Ukipita 80, kastadi inalegea na koo linawaka, na ladha ya maziwa huisikii tena.

Chuja. Funika kwa nailoni iliyogusa uso wa kastadi, la sivyo itafanya ngozi juu. Weka bakuli kwenye beseni la barafu, dakika 20, kisha friji. Barafu ya kuhifadhia samaki inafaa kwa kazi hii kwa sharti moja: ibaki nje ya bakuli, na maji yake yasirukie ndani.

Usiiache mezani ipoe yenyewe. Mayai na maziwa hayakai nje zaidi ya saa 2, na joto likifika nyuzi 32, mwisho ni dakika 60. Mwezi wa kumi na moja jikoni kwa watu wengi wa Mtwara na Lindi joto hilo lipo hata kabla ya kuwasha jiko.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: mate nayo yana amilesi. Aliyeonja asirudishe kijiko kile kile. Watoto wanaozunguka friji nao waelezwe.

*Imefaulu ikiwa:* asubuhi, ukichota kwa kijiko, shimo linabaki wazi na kingo zake hazitiririki. Isikatike kwa kisu kama jeli. Ilegee kiasi cha kujaza nafasi kati ya vipande vya keki.

4. Matunda

Embe dodo au bolibo zinafaa, za nyuzinyuzi hazifai. Menya, kata vipande vya sentimita 2. Gawa mara mbili.

Nusu ya kwanza pika na maji ya pasheni (chuja mbegu, acha kijiko kimoja cha mbegu kwa ajili ya sura), sukari na ndimu, dakika 5. Koroga wanga na maji kidogo ya baridi, tia, chemsha dakika moja mpaka rojo ling'ae. Lipoe kabisa. Nusu ya pili ibaki mbichi, ikae kwenye friji bila sukari, uichanganye na rojo wakati wa kupanga tu. Sukari inavuta maji ya tunda. Embe iliyotiwa sukari jana leo inaogelea.

Usiache pasheni wala ndimu. Keki ina kakao na bia, kastadi ina mafuta, na bila kitu kikali katikati traifo yote inachosha kwenye kijiko cha tatu.

Nje ya msimu wa embe tumia nanasi, lakini lote lipikwe, lisibaki bichi hata kipande. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini. Likikutana na maziwa linaleta uchungu na kuifanya kastadi iachie maji. Lichemke dakika 5 kamili. Papai bichi lina tatizo hilo hilo, na likipikwa halina ladha ya kutosha kupambana na bia, kwa hiyo liache. Ndizi zinageuka nyeusi.

Zambarau ndiyo siri ya wanaoishi pwani. Wazungu hutumia cheri nyeusi kwenye traifo ya chokoleti, na zambarau zilizopikwa na sukari, zikakamuliwa kokwa na kuchujwa, zinafanya kazi hiyo kwa heshima. Zitapaka rangi mikono, mwiko na kanga yako. Bibo, tunda la mkorosho, pamoja na harufu yake yote, lina ukakasi usiopatana na maziwa, liachie uraka, pombe yake.

5. Korosho na krimu

Korosho zikaangwe kavu kwa moto mdogo, dakika 8 hadi 10, ukizigeuza. Zikipata rangi ya dhahabu hafifu zitoe, maana zinaendelea kuiva nje ya kikaango. Zipoe, katakata. Zinawekwa juu dakika ya mwisho. Zikilala kwenye krimu zinalainika.

Krimu isipigwe mpaka siku ya pili. Pakiti ikae friji usiku kucha, bakuli na vyuma vya mashine vikae friza dakika 15. Kinachoshikilia hewa ndani ya krimu ni chembe za mafuta, na chembe hizo zikipata joto zinalegea. Ndiyo maana krimu ile ile inayosimama Dar ndani ya kiyoyozi inakataa kwenye baraza la Lindi. Piga huku bakuli limekaa juu ya barafu.

Anza mwendo mdogo, tia sukari ya unga inapoanza kuacha alama, simamisha mashine kilele kinapoinama kidogo. Ukipita hapo inageuka kuwa siagi. Ikianza tu kukwaruza, tia vijiko 2 au 3 vya krimu ya maji, geuza kwa mwiko, itarudi. Ikishatoa maji, hiyo ni siagi tayari.

Krimu ya maziwa ikikosekana, ya mafuta ya mimea wanayotumia waokaji keki inavumilia joto zaidi. Utamu wake ni mwingi, basi isitiwe sukari. Ladha haifiki ile ya maziwa, lakini kwa shughuli ya nje, chini ya turubai, ndiyo ya kuchagua.

6. Kupanga tabaka

Kila kitu kiwe cha baridi ya friji. Keki peke yake ndiyo iwe ya joto la chumba.

Kata keki vipande vya sentimita 3. Panga nusu yake chini ya bakuli, vipande vya pembeni vikibana kioo. Nyunyiza nusu ya shira kwa kijiko, polepole, ukipita kila kipande. Usimimine sehemu moja. Keki inywe, isielee. Ukibonyeza kipande na shira ikatoka juu, imetosha, hata kama imebaki kwenye bakuli.

Weka nusu ya matunda, ukianza kwenye kioo ndipo uende katikati, kwa sababu kinachoonekana nje ni cha pembeni. Rojo linalotiririka mno lichuje kidogo.

Kastadi: iteke kwa kijiko kikubwa na kuilaza, usiipige kuilainisha. Nusu yake hapa. Sawazisha kwa mgongo wa kijiko mpaka iguse kioo pande zote, maana ikiacha upenyo, krimu na maji ya matunda vitapita humo. Gonga bakuli taratibu juu ya kitambaa kilichokunjwa ili hewa itoke.

Friji dakika 30. Hii dakika 30 inarukwa sana, na ndiyo inayotenganisha mistari iliyonyooka na fujo.

Rudia: keki, shira, matunda, kastadi. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu. Funika, friji, saa 6 au zaidi. Krimu ipakwe saa moja au mbili kabla ya kupakua; chokoleti na korosho unapolitoa mezani.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia. Likibaki limefungwa linatunza baridi kama saa 4. Zaidi ya hapo, hamishia bakuli kwenye deli lenye barafu.

*Imefaulu ikiwa:* mistari inasomeka kwenye kioo, na kijiko kikizama mpaka chini kinatoka na tabaka zote. Majimaji chini yasizidi unene wa sarafu.

Kusafirisha

Traifo iliyopakwa krimu haipandi bajaji. Peleka bakuli bila krimu, ndani ya deli, barafu pembeni na siyo juu, krimu ikiwa imepigwa kwenye chombo chake. Kutoka Mtwara mjini kwenda Lindi au Masasi, afadhali uipange kwenye vikombe vyenye vifuniko: tabaka fupi hazihami, na kikombe kimoja kikimwagika havijamwagika vyote.

Wasiotumia kilevi

Kwenye shughuli nyingi za huku nusu ya wageni au zaidi hawagusi pombe, kwa hiyo suala hili si la kumalizia kwa "imekufa motoni". Haijafa. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, linalotumiwa na wapishi wengi, linaonyesha pombe iliyotiwa kwenye kitu cha moto kilichokwisha kuepuliwa inabaki asilimia 85, na iliyookwa nusu saa inabaki asilimia 35. Kastadi hii ina wiski karibu yote uliyotia. Isipewe watoto, wajawazito wala anayeendesha.

Fanya bakuli la pili tangu mwanzo. Kwenye keki na shira, badala ya bia weka kahawa nyeusi kali kwa kipimo kile kile, na shira usiitie wiski. Kwa kastadi, unguza sukari vijiko vya chakula 4 mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, zima kwa ml 60 za maji ya moto (itaruka, jilinde), na uitie mahali pa wiski. Inaleta ile ladha ya sukari iliyoungua ambayo wiski inaipata kwenye pipa. Miiko na vijiko visichanganywe, na kila bakuli liwe na kibandiko chake, kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

Ikiharibika

Kastadi imeamka majimaji: kuipika tena haitoshi, wanga umeshakatwa. Koroga wanga vijiko vya chakula 2 na maziwa kidogo ya baridi, tia ndani, chemsha dakika 2 kamili ukikoroga. Sehemu ya wiski itapotea, ongeza kijiko baada ya kuepua. Ipoe upya.

Kastadi ina mabonge: chuja ikiwa bado ya moto. Ikishapoa, isage kwenye blenda, lakini itakuwa nyepesi. Itumie kwa bilauri, si bakuli.

Keki imelowa mno: pindua mpango. Weka matunda bila rojo juu yake na uongeze vipande vya keki kavu katikati.

Krimu imekataa kabisa: iache. Kastadi iwe ndiyo juu, na korosho na chokoleti ziifunike.

Iliyobaki inakaa friji siku 2, ikiwa imefunikwa na haikukaa mezani zaidi ya ule muda uliotajwa. Isigandishwe, kastadi ya wanga ikiyeyuka kutoka friza inaachia maji na kuwa ya chengachenga.